Wenye barua hukaa mbele

Foleni ya ukaguzi wa mabegi mlangoni pa Terminal 3, uwanja wa Julius Nyerere, ndiyo mahali pa mwisho ambapo abiria wote bado wamechanganyika. Mbele yangu usiku ule alisimama mama mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akienda Guangzhou kufuata nguo za watoto na vyombo vya plastiki. Mabegi yake mawili yalikuwa matupu, moja limeingizwa ndani ya lingine. Hii safari ya ngapi? Alikuwa ameshaacha kuhesabu. Nikamtania: mama, kwa biashara yote hiyo, si ungejipa raha siku moja ukakaa daraja la biashara? Akanitazama kama niliyemwambia auze fremu yake. "Mwanangu, tofauti ya nauli ile ni mzigo. Sisi wenye biashara hatukai huko. Huko wanakaa wenye barua."

Usiku ule mimi nilikuwa na barua. Mwaliko wa kongamano la siku tatu Ulaya, tiketi imelipwa na waandaaji, kiti safu ya nne kutoka kwenye pua ya ndege. Sikumwambia.

Nimekaa huko mbele mara tatu maishani, zote katika safari za zaidi ya saa sita. Mara mbili kwa barua, na mara moja kwa bahati tu: viti vya nyuma viliuzwa kupita idadi, wakanisogeza. Mara ya nne nilichangia kulipa kwa pesa yangu, ila kitini alikaa mtu mwingine, nitafika huko. Kwa hiyo siandiki kama mzoefu, naandika kama mtu aliyeonja vya kutosha kuacha kushangaa na akabaki na maswali.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kinachouzwa pale mbele ni usingizi. Taulo la moto, mvinyo wa Ufaransa na kipochi cha soksi ni mapambo. Usingizi huo una thamani kubwa kwa safari fulani na kwa mwili fulani, na kwa safari nyingine hauna thamani hata ya nusu ya bei yake. Ugomvi wangu ni kwamba viti vile havigawiwi kwa kufuata nani anahitaji kulala. Vinagawiwa kwa kufuata barua.

Jina lenyewe, daraja la biashara, lina kisa. Boeing 747 ilipoanza kubeba abiria mwaka 1970, viti vilikuwa vingi kuliko watu, mashirika yakaanza kuwauzia watalii nauli za punguzo. Mfanyabiashara aliyelipa nauli kamili, kwa kuwa tiketi ameikata jana na huenda akaibadili kesho, akajikuta amebanana bega kwa bega na mtalii aliyelipa kidogo sana. Akalalamika. Mwaka 1978 Pan Am na British Airways zikawatengea hao wa nauli kamili sehemu yao, na mwaka 1979 Qantas ya Australia ikaiita sehemu hiyo kwa jina ambalo dunia nzima imelishika. Hapakuwa na kitanda wakati huo. Kulikuwa na kiti kizuri kidogo, kinywaji cha bure na utulivu. Kitanda kinachonyooka tambarare kabisa kilifika daraja hilo mwaka 2000, British Airways wakitangulia, na tangu hapo daraja la kwanza likaanza kufa pole pole katika mashirika mengi. Kama huku unalala ukanyooka, kule unalipia nini? Boeing 787, yaani Dreamliner, za Kenya Airways na Air Tanzania hazina daraja la kwanza. Mbele kabisa ni biashara, basi.

Raha yake huanzia ardhini. Kuna kaunta isiyo na foleni, na kuna uzito wa mizigo: mashirika mengi yanayohesabu mabegi kwa vipande huruhusu mawili ya kilo 32 mbele, na mawili ya kilo 23 nyuma. Kwa Mtanzania anayerudi na zawadi za ukoo mzima, kilo hizo 18 za ziada ni hoja nzito kuliko kitanda. Halafu kuna launji, ukumbi wa kungojea ndege. Chakula chake mara nyingi ni cha hoteli ya wastani, lakini lina bafu. Kuoga saa kumi za alfajiri katika uwanja wa Ghuba, baada ya ndege ya kwanza na kabla ya ya pili, ndiko ninakokukumbuka kuliko kila kilichofuata angani.

Mlangoni mwa ndege wengine wanageuka kulia, wewe kushoto. Mhudumu anakuita kwa jina la ukoo, amelisoma kwenye orodha yake, na hata ukijua kwamba amelisoma unafurahi. Anachutama ili macho yenu yawe usawa mmoja wakati anakuuliza utakunywa nini. Mara ya kwanza niliona aibu, mtu mzima kunichutamia. Mara ya tatu nilikuwa nimezoea, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, maana sifa zake zimezidi. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, mara nyingi unyevu wake hauzidi asilimia 20, na mgandamizo wake ni wa mlimani. Dreamliner hudumisha hali ya mwinuko wa mita 1,800 hivi, yaani umeketi Nairobi kabla hujafika popote. Ndege za zamani hufika hata mita 2,400, juu kuliko Eldoret. Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, waliwapa watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya huko huko kazi ya kuchunguza kwa nini abiria huagiza sana juisi ya nyanya, ikaonekana kwamba katika mgandamizo ule ulimi hupoteza sehemu kubwa ya hisia ya chumvi na sukari. Mbele na nyuma ni hewa ile ile. Sahani ya kauri haimrudishii mtu ulimi wake. Samaki niliyeandikiwa sifa mistari minne kwenye menyu alikuja bila ladha kama wali wa hospitali, nikajutia pilau niliyoiacha nyumbani.

Sasa kitanda. Unabonyeza kitufe, kiti kinaguna, kinajikunjua, miguu inaingia kwenye tundu lililo chini ya meza ya jirani wa mbele. Ukiwa mrefu au una kiatu namba 45, tundu hilo utalikumbuka usiku kucha. Lakini unanyooka. Mgongo unakuwa mstari mmoja na godoro, damu haikusanyiki vifundoni, shingo haining'inii. Saa tatu za usingizi wa namna hiyo na saa sita za kusinzia ukiwa umekaa ni vitu viwili tofauti kabisa, anayebisha hajajaribu. Mara moja kiti kilinigomea nusu njia, mgongo umelala huku miguu iko juu, nikabaki kama mende aliyepinduka hadi mhudumu alipokivuta kwa mkono. Hata hivyo nililala.

Jina moja, lakini bidhaa ni nyingi. Dreamliner za Kenya Airways zina viti 30 vya biashara, na zile za Air Tanzania aina ya 787-8 zina 22, vyote vikipangwa viwili-viwili-viwili. Maana yake aliye dirishani akitaka kwenda msalani usiku lazima aruke miguu ya jirani aliyelala. Ukisafiri na mkeo ni mpango mzuri. Ukisafiri peke yako, ukawekwa kando ya mheshimiwa anayekoroma, si mzuri. Mashirika mengine hupanga kimoja-viwili-kimoja ili kila mtu awe na njia yake, na tangu mwaka 2017 Qatar Airways wameweka hadi mlango wa kusukuma: unajifungia. Anayelipa mamilioni bila kutazama kwanza ramani ya viti ya ndege ile mahususi anacheza bahati nasibu.

Hapo ndipo hesabu ya kweli inapoanza, na kwetu Afrika Mashariki ina sura yake ambayo wanaoandika kutoka London au New York hawaioni. Sisi tupo kusini mwa Ulaya, karibu katika mstari mmoja wa jua. Dar es Salaam na Amsterdam zinatofautiana saa moja wakati wa kiangazi chao, mbili wakati wa baridi. London ni mbili au tatu. Mwili hauna saa nyingi za kurekebisha. Mtu akipanda ndege ya usiku kwenda Ulaya akalala kweli, asubuhi anashuka akiwa mzima kama aliyelala kwake Mbezi. Kwa safari hiyo kitanda kinatoa siku nzima ya kazi.

Marekani ni habari nyingine. Kati ya Dar na New York kuna saa saba au nane, na mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku. Kitanda kizuri kuliko vyote hakiondoi hilo. Utalala vizuri angani, kisha saa nane usiku hotelini utakuwa macho kama bundi. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018, hukaa angani karibu saa 15. Sitamcheka mtu anayetaka kuzipitisha amelala. Lakini asiniambie anafanya hivyo ili afike mkutanoni na akili timamu. Akili itafika wiki ijayo.

Halafu kuna safari ambazo kitanda chake ni bughudha tupu. Kutoka Dar hadi nchi za Ghuba ni saa tano na nusu au sita. Ondoa dakika za kupaa, ondoa chakula cha kozi tatu kinachohudumiwa kwa madaha, ondoa kifungua kinywa wanachokuamshia saa moja na nusu kabla ya kutua. Unabaki na saa mbili na nusu za kulala, kila saa kwa bei ya usiku kadhaa wa hoteli nzuri. Ndege za mchana ndizo mbaya zaidi kuzilipia, maana unanunua kitanda wakati huna usingizi.

Wapo wanaoleta hoja ya afya, na nusu yake ni kweli. Damu kuganda miguuni kulikuwa kukiitwa ugonjwa wa daraja la kawaida, kana kwamba kiti chembamba ndicho kisababishi. Utafiti uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari huongezeka takriban maradufu katika safari ya saa nne au zaidi, na si ya ndege tu: hata basi, gari moshi au gari lako mwenyewe. Kinachosababisha ni kukaa bila kusogea. Aliyelewa mvinyo wa bure akalala saa kumi bila kugeuka hajajikinga na chochote. Yule mama wa Kariakoo, anayesimama kila saa kuzunguka mpaka jikoni mwa ndege kuomba maji, huenda anaitunza miguu yake vizuri kumshinda. Lakini mwenye mgongo uliofanyiwa upasuaji, mwenye goti lisilokunjika, mjamzito aliyeruhusiwa kusafiri, hao kitanda kwao si anasa, na ubishi haupo.

Tuje kwenye pesa, maana hapa pande zote mbili zina hoja ninazoziheshimu.

Watetezi wanasema mbele ndiko kunakoilisha nyuma. Takwimu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, za kabla ya korona zilionyesha kwamba abiria wa madaraja ya juu katika safari za kimataifa walikuwa kama asilimia 5 tu ya abiria wote, lakini waliingiza kama asilimia 30 ya mapato ya nauli. Wakiondoka, nauli ya mama wa Kariakoo inapanda, au ndege ya kwenda Guangzhou inafutwa. Sipingi. Ila hoja hiyo ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Kati ya Desemba 2007 na Mei 2008 mashirika matatu yaliyojaribu kuuza daraja la biashara peke yake kuvuka Atlantiki, MAXjet, Eos na Silverjet, yalianguka moja baada ya jingine. Mafuta yalipanda, uchumi ukayumba, na hawakuwa na mia mbili wa nyuma wa kuwashika mkono. Wa mbele wanawahitaji wa nyuma angalau sawa na wanavyohitajiwa.

Na nafasi je? Chukua Dreamliner ile ile. Nyuma viti tisa kwa safu, umbali wa kiti hadi kiti inchi kama 32. Mbele viti sita, umbali inchi kama 75. Zidisha mwenyewe: mtu mmoja wa mbele amelalia nafasi ya watu watatu na nusu. Ndiyo maana utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulimhesabia abiria wa biashara moshi wa ndege kama mara tatu ya wa kawaida, na serikali ya Uingereza hutumia hesabu inayokaribiana na hiyo, mara 2.9 kwa safari ndefu. Nimehudhuria kongamano la mabadiliko ya tabianchi ambako nusu ya waliotoa mada walifika hivyo. Mmoja wao alikuwa mimi.

Jambo linalonikera si tajiri anayelipa kwa pesa yake. Alale, amejitafutia. Linalonikera ni kiti kinacholipwa na asiyekikalia. Novemba 2015, akifungua Bunge jipya Dodoma, Rais John Magufuli alisoma hesabu ambayo wengi wetu hatujaisahau: katika miaka ya fedha 2013/14 na 2014/15, safari za nje za serikali na taasisi zake ziligharimu shilingi bilioni 356.3. Tiketi za ndege peke yake zilimeza bilioni 183.1, zaidi ya nusu, posho zikafuata kwa bilioni 104.5, na zilizobaki zilikuwa za mafunzo. Akasema fedha hizo zingejenga kilomita 400 za lami. Hotuba haikutaja tiketi ngapi zilikuwa za viti vya mbele, lakini hakuna aliyekuwa ukumbini aliyehitaji kuambiwa. Safari zikabanwa hadi kibali cha Ikulu, naye mwenyewe katika urais wake wote hakuwahi kutoka nje ya Afrika.

Wakati ule nilishangilia. Sasa nina mashaka kidogo. Ofisa anayetumwa kujadili mkataba wa gesi au masharti ya mkopo wa miaka thelathini anakutana na watu waliolala majumbani mwao. Akikosea kipengele kimoja kwa uchovu, hasara yake inazidi tiketi za mwaka mzima. Umoja wa Mataifa, ambao una makao makubwa Nairobi na watumishi wake wanaruka kila wiki, umeweka kipimo cha saa: mtumishi wa kawaida hupata daraja la biashara safari ya ndege moja inapofikia saa 9, au 11 ikiwa ni ya kuunganisha. Angalau ni kipimo. Kinaangalia safari na si ukubwa wa cheo, ingawa wakubwa kabisa nao wana utaratibu wao.

Lakini kipimo cha saa pekee hakitoshi, na hapa wenzangu wenye barua watanichukia. Angalia ratiba zetu. Kongamano linaanza Jumatano, ofisa anafika Jumatatu ili apumzike, na posho ya siku hizo anaichukua. Amepewa kitanda angani ili afike amepumzika, kisha amepewa siku mbili ardhini ili apumzike. Kimoja kinatosha. Akitaka kitanda, ashuke asubuhi aende mkutanoni moja kwa moja. Akitaka siku ya mapumziko, akae nyuma na sisi wengine, anyooshe mgongo hotelini. Nimewahi kulisema hili mbele ya kamati moja, likapokelewa kwa kicheko kirefu na chai ikaletwa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye tiketi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Katherine DeCelles na Michael Norton, walichapisha katika jarida la kisayansi la PNAS uchunguzi wa ghasia za abiria angani. Ndege zenye chumba cha mbele zilikuwa na uwezekano wa vurugu nyuma karibu mara nne ya zisizo nacho. Wote wakipandia mlango wa mbele, wakapita katikati ya waliokwisha kujinyoosha na glasi mkononi, uwezekano ulizidi kuongezeka, na ajabu ni kwamba hata hao wenye glasi walizidi kuwa wakorofi. Wapo walioitilia shaka hesabu hiyo, na vitu viwili kwenda pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimezaa kingine. Mimi najua tu nilichokifanya: wale wa nyuma walipokuwa wakipita na watoto migongoni, niliinua gazeti usoni. Halikuwa na habari yoyote.

Nilisema kuna mara ya nne. Mama yetu ana miaka 71 na magoti yasiyomsikiliza. Dada yangu mmoja anaishi Houston. Mara ya kwanza mama alikwenda huko kwa daraja la kawaida, safari ya zaidi ya saa ishirini ukijumlisha na kungoja katikati, akarudi miguu imevimba kama mihogo, wiki nzima hakuvaa kiatu. Mwaka jana tukachanga mimi na dada zangu, tukamkatia mbele, kwenda na kurudi. Nilijisikia mtoto mwema. Nilipokuwa namsindikiza pale Terminal 3 niliwatazama waliokuwa wakielekea kaunta ile isiyo na foleni: wanaume wa rika langu, makoti, beji za mikutano shingoni, magoti mazima. Wazee wenzake mama, wanaokwenda kulea wajukuu Minneapolis na Toronto, walikuwa kwenye foleni ndefu, baadhi yao kwenye viti vya magurudumu.

Aliporudi nilimuuliza ilikuwaje. Ya kurudi aliisifu. Ndege iliondoka Houston jioni, akala kidogo, akalala hadi mhudumu alipomgusa bega, na safari hii viatu alivivua nyumbani mwenyewe. Ya kwenda hakuipenda hata kidogo. Ilikuwa ndege ya asubuhi, saa kumi na sita, na kiti kilikuwa cha aina ile yenye mlango. Hakujua kitufe kipi kinamwita mhudumu, akaona haya kuuliza. Hakuwa na usingizi. "Walinifungia kwenye kachumba kama ka kuungamia," alisema, "ila padri hakuja." Akakumbuka safari ya kwanza, ile ya kuvimba miguu, alipoketi na binti wa Mwanza aliyemjazia fomu, akampeleka msalani mara tatu, akamsimulia ndoa yake yote mpaka wanatua. Jina la binti huyo analo hadi leo, na humtaja kwenye rozari.

Desemba hii anataka kwenda tena, na maelekezo ametoa mwenyewe: kwenda awekwe na watu, kiti cha upande wa njia, kurudi alazwe. Dada yangu wa Houston ameangalia, anasema tiketi ya mchanganyiko huo inakatika bila tabu. Kundi la familia la WhatsApp limeshafunguliwa kwa mchango, na mpaka jana jioni tulikuwa tumefika nusu.